Kwa nini baridi ya Brazili ipandishe bei ya kahawa ya Mbozi?

Mkulima, Mbozi: Wachumi, heshima kwenu. Julai 2021 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na bei ikapanda hadi huku kwetu. Inakuwaje, ilhali mibuni yangu haikuguswa?

Mchumi, Mbeya: Ahsante, ndugu yangu. Brazili inaongoza duniani kwa kuzalisha kahawa. Wanunuzi wanapohofia upungufu, bei ya kahawa aina ya arabika katika soko la New York hupanda, na minada yetu huitazama bei hiyo.

Mfanyabiashara, Tunduma: Pia kahawa huuzwa kwa dola, hivyo shilingi ikishuka thamani mkulima huweza kupata shilingi nyingi zaidi, lakini mbolea inayoagizwa nje nayo hupanda.

Mkulima: Nimeelewa. Inaniuma kwamba ninapochambua punje mbovu kichanjani, moja baada ya nyingine, bei yake inapangwa mbali hivyo. Je, ushirika wetu unaweza kuuza moja kwa moja kwa wakaangaji wa nje?