Gemu gani lilikutoa machozi kwa jambo lako mwenyewe? Tupeane uzoefu

Taa ya Chemli
Wakuu, kwema? Usingizi umegoma, nimeona bora nifungue uzi.

Juzi nimemaliza To the Moon, gemu la 2011 la jamaa anaitwa Kan Gao na wenzake wa Freebird Games. Ukiliona utasema la watoto: vikatuni vifupi vya enzi za zamani, hakuna anayeongea, unasoma maandishi huku kinanda kinalia. Hakuna bunduki. Saa nne tano hivi limeisha. Nasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo anayetaka kulicheza bila kujua kitu aishie hapa.

Madaktari wawili wanaitwa kwa mzee Johnny ambaye amebakiza siku moja au mbili. Kazi yao ni kuingia kwenye kumbukumbu za mgonjwa na kumpandikizia maisha ambayo hakuyaishi, ili afe akiamini aliyaishi. Mzee anataka kwenda mwezini. Kwa nini? Hajui mwenyewe. Basi mnarudi naye kinyumenyume, kutoka uzeeni kushuka utotoni.

Nyumba yake imejaa sungura wa karatasi. Marehemu mkewe, River, ndiye aliyekuwa akiwakunja. Kuna mmoja wa rangi mbili, bluu na njano. Anamwonyesha mumewe, aeleze anachokiona. Johnny anaeleza. "Na nini kingine?" Anaeleza tena. "Na nini kingine?" Jamaa anaishiwa maneno. Mkifika utotoni ndipo mnaelewa. Yeye na River walikutana usiku mmoja wakiwa wadogo, wakaunganisha nyota wakapata sungura, mwezi ndio tumbo lake, wakaahidiana kwamba wakipotezana watakutana mwezini. Baadaye pacha wa Johnny aligongwa na gari akafa, mtoto akapewa dawa za kumsahaulisha, na usiku ule ukafutika pamoja na msiba. River miaka yote alikuwa anauliza "unanikumbuka?" kwa njia aliyoiweza yeye.

Hapo nikaweka laptop pembeni.

Baba yangu alistaafu reli, Tabora. Miaka yake ya mwisho akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Kila jua likianza kuzama anavaa viatu vya ngozi, anafunga kamba vizuri, anatoka barazani, anashika nguzo. "Treni imeingia?" Siku za mwanzo nilimjibu kwa adabu. Baadaye nikawa najibu bila kuinua macho kwenye simu: "Treni gani saa hizi, mzee? Njoo ule." Anakuja. Anakula na viatu vyake miguuni. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza "Ipi?"

Nyie wenzangu?

Fundi Redio
Pole mkuu. Laptop yangu ina RAM ya GB 2, litakubali?

Taa ya Chemli
Litakubali, wamelitengeneza kwa RPG Maker, programu ya kutengenezea magemu, ni jepesi sana. Tangu 2017 lipo hadi la simu. Kiingereza tu ujiandae nacho, maana ni kusoma mwanzo mwisho.

Bi Mdogo wa Likoni
Umeliruka lililoniua mimi. River anaugua, matibabu yapo, anakataa. Pesa ziende kwenye nyumba yao ya kule kwenye mnara wa taa, imaliziwe. Mume anabembeleza, wapi.

Shangazi yangu alifanya hivyo hivyo. Tulichanga ukoo mzima apelekwe Nairobi, zikapatikana. Akazishika mkononi, akazihesabu mara mbili, akamwita fundi. Sebule yake ilikuwa na turubai mwaka wa tatu. Tulimkasirikia hadi wengine wakasusa kwenda kumuona, nami nilikuwa mmoja wao. Mvua ya masika ilimkuta chini ya mabati yake, alituma salamu za sauti kwenye kundi la ukoo tusikilize inavyolia. Sikuifungua. Nilikuja kuifungua baada ya arubaini. Ni dakika mbili za mvua, hasemi kitu.

Fundi Redio
Dah.

Mwana Nyegezi
Langu si hilo, ni What Remains of Edith Finch, la 2017. Ukoo ambao watu wake wanakufa mmoja mmoja, unaingia chumba kwa chumba. Kuna kijana anaitwa Lewis, anafanya kazi kiwanda cha samaki. Mkono wa kulia unavuta samaki, unamkata kichwa, unamsukuma. Wa kushoto unatembea kwenye ndoto zake, yeye ni mfalme, ana mji. Ndoto inazidi kukua mpaka inajaza kioo chote, na samaki bado wanakuja, na mkono wako wa kulia bado unakata. Hufikirii tena. Hapo ndipo waliponiweza.

Mimi nilikata minofu ya sangara miaka minne, hapa Mwanza. Buti nyeupe, baridi, kisu. Aliyesimama kushoto kwangu alikuwa na tabia ya kutabasamu peke yake huku anakata. Tukampa jina la utani, silisemi. Siku moja akaacha kuja. Wiki ya pili ndipo mtu akauliza, "Hivi yule jamaa anakaa wapi?" Watu kumi na moja kwenye meza ile, hakuna aliyejua hata mtaa. Sijui yu hai au la. Mwisho wa Lewis si mzuri, ndiyo maana nilizima gemu nikakaa gizani.

Karani wa Zamu
Kwangu ni Life Is Strange, 2015. Binti ana uwezo wa kurudisha muda nyuma, ukikosea jibu unarudi unajibu tena. Nikazoea ujeuri huo. Ikafika sehemu rafiki yake yuko juu ya paa anataka kujirusha, na uwezo ukakata. Kumshusha inabidi ukumbuke mambo yake, ya familia yake, vitu vilivyokuwa chumbani kwake. Mimi chumbani kwake nilipita mbio, nilikuwa natafuta kazi inayofuata.

Sikumuokoa. Kuna mtu nilikuwa simpokelei simu zake tangu Januari. Nilimpigia usiku ule ule. Yaliyofuata ni yetu wawili.

Kipa Namba Mbili
Nilikuja kucheka, niseme ukweli. Mimi ni PES tu, gemu la mpira, hayo ya sungura wa karatasi sikuyajua. Ila treni imenikalisha.

PS2, mashine ya kuchezea magemu, ile kadi yake ya memori ya MB 8, tunagawana mimi na kaka. Yeye ana Master League yake, ile sehemu ya PES ya kuendesha timu yako, misimu minne, na Castolo hajamuuza. Waliocheza wanamjua Castolo: mchezaji wa kubuni, wanakupa bure mwanzoni, kila mtu anamtoa haraka apate mwenye jina. Kaka alikataa. "Huyu nimeanza naye."

Kadi ikajaa. Mimi nataka kuhifadhi San Andreas, gemu langu jingine. Nikafuta lake. Nilijiambia nitamwambia jioni.

Jioni hiyo akaja na begi, safari ya Afrika Kusini imeiva, wanaondoka na lori alfajiri. Akaniambia, "Usiguse timu yangu, nikirudi tunaendelea na msimu."

Miaka kumi na nne sasa. Ana mke huko, ana watoto, na kurudi kila mwaka ni mwakani. PS2 yenyewe iliungua kipindi cha mgao wa umeme. Akipiga simu, baada ya salamu na habari za mama, lazima aulize: "Castolo mzima?"

"Mzima. Juzi kafunga mawili."

Bi Mdogo wa Likoni
Kipa, mwambie ndugu yako.

Kipa Namba Mbili
Jumapili kapiga. Kauliza kafikisha mabao mangapi msimu huu. Nikamtajia.