Wiki ya 38 mtoto hatulii, leo kichwa chini kesho kalala mkingamo, nikubali kuanzishiwa uchungu?

Wamama naombeni ushauri. Mimba ya nne hii, wiki 38 na siku mbili, mtoto kila siku na mlalo wake. Jumatatu altrasaundi imeonyesha kichwa chini, Alhamisi nesi kapapasa weee, kanyamaza, kamwita mwenzie, kumbe kichwa kiko ubavuni kushoto. Jana kimerudi chini. Usiku nakishika kabisa kwa kiganja, kigumu hivi, asubuhi nakitafuta hakipo. Dokta anataka nilazwe wamgeuze kwa mikono halafu niwekewe dripu ya uchungu, mume anasema tusubiri uje wenyewe kama wale watatu. Mi naogopa, mtoto hajaamua akae wapi ndo wamuanzishie, si atakwama?

Mama K: Pole mwaya, wa tano alinifanyia hivyohivyo, tumbo likishazaa sana linalegea mtoto anaogelea tu. Nililazwa toka wiki ya 37, siku tisa niko wodini siumwi popote, kazi kusikiliza wenzangu wanavyozaa. Ya kumi akatulia mwenyewe na uchungu huo.

zawadi_86: Mwambie mumeo akukande tumbo taratibu atashuka

Mkunga wa zamu: @zawadi_86 hapana, kumgeuza kunafanyika hospitali tu, mapigo ya moyo ya mtoto yanapimwa kabla na baada. Mleta uzi, kukwama sio hofu yangu kubwa, hofu yangu ni chupa ipasuke uko nyumbani na mtoto kalala mkingamo, maana hapo hakuna kichwa cha kuziba njia, kitovu kinaweza kutangulia, kikibanwa mtoto anakosa hewa. Ndo maana wanataka ulazwe. Na dripu hawaweki hivihivi, kwanza wanahakikisha kichwa kiko chini, uchungu ukikolea na kichwa kikishuka ndo wanapasua chupa, tena kwa uangalifu, chumba cha upasuaji kiko tayari. Akigeuka tena wanasimamisha. Ila uliza kondo la nyuma limekaa wapi, likiwa limeziba njia hakuna cha dripu, ni upasuaji. Kama ulishawahi kuzaa kwa upasuaji sema pia.

Mama K: Na chupa ikipasuka kabla hujafika je?

Mkunga wa zamu: Apige simu ya dharura hapohapo, apige magoti kifua chini makalio juu, asitembeetembee. Kitovu kikionekana asikirudishe kwa mkono.

Mleta uzi: Asanteni jamani. Kondo liko juu, upasuaji sijawahi, ila maji walisema ni mengi kidogo, kumbe na hayo yanampa nafasi ya kuzunguka? Hilo hakuna aliyeniambia.

Mkunga wa zamu: Ndiyo yanampa, na maji yakiwa mengi chupa ikipasuka yanatoka kwa kishindo, kitovu kinafuata kirahisi. Usilale nyumbani leo.

Mleta uzi: Nimemsomea mume yote haya, hajajibu kitu, yuko anatafuta funguo za gari.