Tupeane uzoefu: mtoto mwenye jicho vivu, mlitumia kiraka au matone?

Mama Mapacha, Uyole
Wakuu, habari za baridi. Binti yangu ana miaka mitano, jicho la kushoto halioni vizuri ingawa kwa kulitazama huwezi kujua. Miwani keshapewa. Sasa daktari anataka tuchague: kuziba jicho jingine, lile lenye afya, kwa kiraka, au kulitia matone ya atropini. Mliopita huko, semeni. Wa "mwache, akikua litakaa sawa" mpumzike, hilo nimeshalisikia kwa shangazi zake wote wa Tukuyu.

Baba wa Kihesa
Sisi kiraka, saa mbili kwa siku. Mwanzoni ni vita, ukigeuka kidogo tu kiraka kimehamia mgongoni mwa paka. Tukawa tunamvalisha wakati wa kuchambua maharage au kucheza ludo, anajisahau. Kibandikwe kwenye ngozi, ndani ya miwani. Kikiwa juu ya kioo anachungulia pembeni. Na mwambieni bibi asimpake mafuta usoni kabla, gundi haishiki.

Mama Duka, Mafinga
Dada, mimi nashinda dukani, mtoto yuko na msichana wa kazi. Nani angesimamia kiraka? Tukapewa matone, Jumamosi na Jumapili tu, kwenye jicho ZIMA. Linaona ukungu kwa karibu, lile vivu linalazimika kufanya kazi. Matone hawezi kuyavua kama kiraka, hiyo ndiyo raha yake. Karaha ni jua: mboni inabaki wazi siku kadhaa, kwa hiyo kofia kila akitoka. Mwalimu wake mjulishe mapema, atashtuka kuona mboni moja kubwa. Ukidondosha, bonyeza kona ya jicho upande wa pua ili dawa isishuke kooni. Akiwa mwekundu usoni, ana homa, mdomo mkavu, moyo unakimbia, acha na uwahi hospitali. Chupa ifungiwe kabatini. Mdogo wake akiinywa ni sumu.

Nesi Mstaafu, Njombe
Kuna utafiti wa Marekani wa 2002, watoto 419 wa chini ya miaka 7 wenye tatizo la wastani. Kundi moja lilipewa kiraka, jingine matone. Kiraka kilitangulia kuonesha nafuu, lakini baada ya miezi sita makundi yote mawili yalikuwa yamepanda kwa wastani karibu mistari mitatu kwenye bango la herufi la kupimia macho. Kwa hiyo angalieni nyumba yenu inaweza kipi. Kliniki msiruke, maana jicho zima nalo huweza kufifia likizibwa kupita kiasi.

Mgeni wa Makambako
Wangu ana miaka tisa, nimeshachelewa?

Nesi Mstaafu, Njombe
Mpeleke. Nafuu huwa ndogo kuliko ya wadogo, ila wapo wengi wanaopata.

Mama Mapacha, Uyole
Asanteni sana. Bibi yake anashinda naye nyumbani na hana mchezo, nitaomba kiraka. Baba wa Kihesa, gundi ikimbabua ngozi mlifanyaje?