Wana Tanga tupeane uzoefu: kitu gani cha kila siku mjini kwetu hukioni kwingine?

Mgosi wa Ngamiani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nyuzi za Dar na Arusha tumezisoma mpaka basi, leo tufungue ya kwetu. Ombi moja: Mapango ya Amboni na vita vya 1914 tuviweke kando, hivyo mgeni anaonyeshwa hata kabla hajala. Nataka vile unavyovipita ukitumwa dukani, ambavyo ukihama ndipo unajua vilikuwa vyako.

Naanza na baiskeli. Mji wetu tambarare, kwa hiyo kila mtu anaendesha na hakuna anayekuhesabu maskini. Simama asubuhi pale watu wanapovuka reli kutoka Ngamiani kwenda mjini uangalie: fundi ujenzi na chepe lake kwenye keria, mama wa makamo na baibui lake kalikunja vizuri lisiingie kwenye mnyororo, mtoto wa shule kapakiwa mbele kwenye bomba anashika kengele asiyoruhusiwa kuipiga. Dar nilipanda baiskeli kwenda kazini, mwenzangu ofisini akaniuliza kwa upole kama mambo yangu yako sawa.

Na mafundi wetu chini ya mikungu! Ukipata pancha anautoa mpira wa ndani, anaujaza upepo, anauzamisha kidogo kidogo kwenye karai la maji machafu mpaka mapovu yatoke. Anapakausha kwa kanga kuukuu, anapasugua msasa, anapaka solushen halafu hakibandiki kiraka. Anasubiri. Hapo ndipo anakuuliza habari za baba yako, mguu wake vipi, na yule mdogo wenu kaolewa wapi. Kiraka kikishabandikwa habari zote za ukoo wenu anazo.

Binti Barabara ya 15

Mimi nitasema barabara zetu za namba. Ngamiani yote unaelekezwa kwa namba, kuanzia ya kwanza mpaka ya 21, na mtoto wa miaka mitano hapotei maana anajua kuhesabu. Akitumwa "nenda barabara ya 9, nyumba ya pembeni yenye mwembe, kamwambie Bibi naomba ile sinia", anarudi na sinia.

Nguzo za anwani za makazi zimekuja, nazo zinasomeka vizuri tu. Lakini muulize mtu yeyote Ngamiani anakaa wapi, atakujibu namba ya barabara na kitu kilichoko jirani: msikiti, mashine ya kusaga, au mtu. Sisi nyumbani tunaelekezwa kwa jirani muuza mkaa, na mkaa wenyewe aliacha kuuza zamani.

Mama Mapacha

Hodi humu. Mie ni mkate wa kumimina. Najua Unguja wanao, Mombasa wanao, msinianze. Nasema wa jirani yangu hapa Makorora. Mchele anaroweka usiku, anasaga na tui zito, iliki na hamira, anaacha uumuke. Ugumu uko kwenye moto. Sufuria iko juu ya makaa, na juu ya mfuniko kuna makaa mengine, ya juu mengi kuliko ya chini. Haangalii saa. Anakaa kwenye kigoda anasikiliza, harufu ikibadilika anaondoa makaa ya juu kwa koleo, anafunua, mkate umekuwa kahawia kwa juu na pembeni umejiachia wenyewe.

Magharibi ikishaadhiniwa watoto wanapanga foleni na visahani. Ukichelewa unapata wa kingo, na mie nakwambieni wa kingo ndio mtamu. Nilijaribu kuupika kwenye jiko la gesi, mume wangu akala akasema "keki nzuri". Nikanyamaza.

Kusi na Kaskazi

Deep Sea asubuhi, pale mashua zinaposhusha samaki. Mimi si mvuvi, ni mlaji, ila naenda kwa sababu ya mnada. Changu na pono wanamwagwa chini kwenye turubai, dalali anataja bei, na wanunuzi hawapandishi kwa kelele. Mmoja anatikisa kichwa, mwingine anagusa kofia, dalali kaelewa, wewe mgeni hujaona kitu na samaki wameshauzwa. Kina mama wa kukaanga wanasimama pembeni na ndoo zao. Wao ndio wanaojua bei ya kweli kuliko dalali.

Kusi ikivuma kwa nguvu, kuanzia mwezi wa sita hivi, vyombo vidogo vingine havitoki na bei inapanda. Kwetu hata asiyejua kuogelea anajua upepo gani unavuma, maana anauonja kwenye sahani.

Mzee wa Chumbageni

Vijana wangu, mnazungumzia raha tu. Tanga hii ilikuwa mji wa viwanda na wa mkonge. Asubuhi barabara zilijaa baiskeli, kweli, lakini zilikuwa zinaelekea zamu. Leo nyingi zinaelekea kijiweni. Hilo nalo ni la kila siku, tusilifiche.

Kitu changu ni singa za mkonge zilizoanikwa. Ukitoka mjini kuelekea Muheza, au ukipita Amboni, unaziona zimetandazwa kwenye nyaya, nyeupe, na mashamba yamenyooka kwa mistari mpaka macho yanachoka. Harufu ya majani yaliyotoka kusindikwa ni kali, inachacha, wageni hufunga vioo vya gari. Mie nikiisikia najua nimefika nyumbani. Mmea wenyewe si wa hapa, aliuleta Mjerumani Hindorf mwaka 1893; katika shehena nzima iliyotoka Florida, ikapona miche 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka hiyo 62 babu zetu wamekata majani miaka yote ile. Wengi walikuja kutoka mbali, Wamakonde, Wanyamwezi, Wabena, wengine kutoka Burundi. Ndiyo maana Tanga ukimuuliza mtu kabila anaanza kwanza kucheka.

Mgosi wa Ngamiani

Mzee shikamoo. Hapo kwenye zamu umenena, sina la kupinga.

Jirani wa Likoni

Hamjambo majirani? Mimi ni wa Mombasa, Mdigo, nina shangazi zangu Duga kwenu huko. Mnisamehe mleta mada, Amboni lazima niitaje. Sisi tulilelewa tukiambiwa lile pango linatokea mpaka kwetu Mombasa. Nikiwa mdogo nilimuuliza shangazi mbona basi tunasumbuka na foleni ya Horohoro ilhali njia ya chini ipo? Akanijibu huko chini pia wanaomba pasi.

Kitu chenu ninachokipenda ni upole wa barabarani. Kwetu matatu ikikupigia honi mara moja ishakupita. Tanga mtu anasimamisha baiskeli katikati ya njia amsalimu mwenzake, salamu kamili, ya watoto, ya mazao, na gari lililo nyuma linangoja. Dereva naye anatoa kichwa dirishani anaingilia mazungumzo.

Mama Mapacha

Anaingilia kwa sababu wanajuana jamani 😂

Coastal Damu

Mnaongea yote hayo hamjaitaja Mkwakwani? Siku Coastal Union inacheza nyumbani, kuanzia saa saba mchana kahawa haipatikani vijiweni, wauzaji wote wamehamia uwanjani na madele yao. Unakunywa kahawa chungu juani, kashata mkononi, unamtukana mwamuzi kwa adabu. Wazee wetu bado wanaishi mwaka 1988, tulipochukua ubingwa wa ligi. Mkiwa nyuma mabao mawili kuna mzee atageuka akuambie "ile timu ya 88 ingeshasawazisha". Na jirani yako wa African Sports yuko palepale, kaja kufurahi mkifungwa, na mkitoka mnarudi pamoja mtaa mmoja.

Mgosi wa Maskati

Niko Oman kwa kazi, nasoma huku nameza mate. Hapa kuna kahawa, tena ya heshima, na tende bora kuliko zetu. Ninachokosa ni Bustani ya Jamhuri jioni: unakaa ukutani na kikaratasi cha karanga, unaitazama bandari chini na meli imetia nanga mbali, na watu wazima na akili zao wanabishana nusu saa imebeba nini. Hakuna anayejua na hakuna anayetaka kwenda kuuliza.

Binti Barabara ya 15

Imebeba klinka ya saruji.

Coastal Damu

Magari hayo. Ya Zambia.

Mzee wa Chumbageni

Enzi zetu ilikuwa mkonge, ungejibiwa na makuli wenyewe.

Mgosi wa Ngamiani

Mnaona sasa? Haya, waliobaki endeleeni: wa Raskazone, Sahare, Mabawa na Pongwe hatujawasikia. Pia kuna mtu kaniuliza pembeni akija wikiendi aanzie wapi. Ukishuka stendi ya mabasi ya Kange usikimbilie teksi, panda daladala ya mjini, mwambie konda akushushe barabara ya kwanza, halafu tafuta fundi baiskeli akukodishie moja. Atakuuliza wewe mtoto wa nani. Jibu lolote, ila ujiandae, atamjua.