Baraza limeniamuru nimuunganishe mnunuzi wa shamba: je, na halmashauri ya kijiji?

Mkulima wa Kilosa
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nimefungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya dhidi ya binamu yangu, anayeshikilia shamba la marehemu baba. Katika utetezi wake wa maandishi ameeleza kwamba sehemu ya shamba alikwisha kuiuza, na ameambatanisha hati ya mauziano yenye mhuri wa kijiji. Mwenyekiti wa Baraza ameelekeza nimuunganishe mnunuzi, yaani nimwongeze awe mshitakiwa pamoja na binamu, na kuwasilisha maombi yaliyorekebishwa ndani ya siku 14. Je, naanza shauri upya? Na kwa kuwa mhuri ni wa kijiji, niiunganishe pia halmashauri ya kijiji?

Karani Mstaafu
Huanzi upya. Amri ya I, Kanuni ya 10(2) ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inaruhusu mdaawa (mtu aliye upande mmoja wa shauri) kuongezwa katika hatua yoyote, hata bila mtu kuomba. Mnunuzi huyo hakwepeki, kwa sababu hukumu ya kumwondoa shambani bila kumsikiliza haitasimama, na Mahakama Kuu ilikwisha kueleza mwaka 1983 kwamba anayedai ardhi iliyouzwa awashitaki muuzaji na mnunuzi kwa pamoja.

Kosa nililoliona mara nyingi masijala (ofisi inayopokea majalada ya mashauri) ni mtu kuongeza jina la mjibu maombi (mshitakiwa) wa pili juu ya karatasi, huku aya za ndani zikibaki vilevile. Eleza mnunuzi anakalia eneo gani, tangu lini, na unaomba nini dhidi yake. Kisha apelekewe wito na nakala, naye awasilishe utetezi wake.

Wakili Chipukizi
Kuhusu kijiji, tafadhali usikimbilie. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayeishitaki mamlaka ya serikali za mitaa, kijiji kikiwemo, hutoa kwanza notisi ya siku 90, humuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hufungua shauri Mahakama Kuu. Ukiiongeza halmashauri hapo barazani, utapokea pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka shauri litupwe, kabla hujatoa ushahidi wowote. Kama kijiji kilishuhudia mauziano tu, mwite mwenyekiti wake awe shahidi; kama ndicho kilichogawa ardhi hiyo, hilo ni jambo jingine kabisa.

Karani Mstaafu
Nimesoma swali tena, na neno «marehemu» limenishtua. Umeshitaki kwa jina lako au kama msimamizi wa mirathi?

Mkulima wa Kilosa
Kwa jina langu, mzee wangu. Barua ya usimamizi ninayo, niliipewa na Mahakama ya Mwanzo kabla ya kufungua shauri, ila sikuitaja.

Karani Mstaafu
Basi hilo ni zito kuliko la mnunuzi, kwani mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi wake. Hata hivyo, usilibadilishe kimyakimya, kwa sababu ruhusa uliyopewa ni ya kumuunganisha mnunuzi peke yake, na wakili wa upande wa pili atasema umevuka amri. Nenda barazani kabla siku 14 hazijaisha, uombe ruhusa ya kurekebisha pia hadhi unayoshitakia, na uambatanishe barua hiyo. Ukiona muda hautoshi, omba uongezewe mapema.

Mkulima wa Kilosa
Nimeelewa. Zimebaki siku 9. Jumatatu asubuhi nitakuwa masijala.