Daktari au meneja: nani aongoze hospitali ya mji?

Mkaazi wa Shela: Asalaam alaykum, watu wa Malindi. Juzi tulibishana barazani hadi kahawa ikapoa: hospitali ya umma ya mji kama huu iongozwe na daktari, kama ilivyo desturi, au na mtu aliyesomea utawala, ambaye hajashona kidonda maishani mwake lakini anaijua bajeti na zabuni? Mimi ni wa meneja. Daktari akikalishwa ofisini kutia sahihi maombi ya sabuni, tumempoteza tabibu na msimamizi hatujampata. Wala msiniambie apewe muuguzi, maana muuguzi anajua sindano, hesabu hazijui.

Muuguzi Mstaafu: Ndugu yangu, umeuliza la daktari ukamalizia kwa kunitusi mimi. Katika hospitali nisiyoitaja, kila jioni nilihesabu glavu jozi kwa jozi na kuziandika daftarini, kwa sababu zikiisha usiku, mwenye ufunguo wa stoo yuko kwake amelala na simu kaizima. Hizo si hesabu? Usiku mmoja umeme ulikatika, jenereta haina dizeli, tukamzalisha mama kwa tochi ya simu ya mumewe. Mganga mkuu tulikuwa naye, na afisa utawala tulikuwa naye.

Kijana wa Barani: Shikamoo mama. Simu zenu zilikuwa wapi hata mkaazima ya mume? Na mwaka 2017 wauguzi mlipogoma karibu miezi mitano, baada ya madaktari kumaliza siku 100 zao, daftari hilo la glavu alilijaza nani?

Muuguzi Mstaafu: Marahaba, mwanangu. Simu yangu nilikuwa nimeing'ata kwa meno ili nione ninaposhona. Ya mume ilikuwa ya pili. Mgomo ule tulidai mkataba wa maslahi yetu, na ukitaka kuujadili, fungua mjadala wako.

Mkaazi wa Shela: Sikumtusi mtu. Nasema tu kwamba tangu Katiba ya 2013 ilipozipa kaunti hospitali, uongozi umekuwa wa kujuana.

Mhasibu wa Maweni: Katiba ni ya 2010, bwana, kilichokuja 2013 ni kaunti zenyewe. Lakini mnagombea kiti kisicho na mfuko. Kwa miaka mingi, katika kaunti nyingi, shilingi aliyolipa mgonjwa dirishani iliingia katika akaunti ya kaunti, na hospitali ikabaki kuomba dizeli kwa barua. Sheria ya 2023 imeruhusu vituo vya afya vya umma vibaki na makusanyo yao na kuyatumia. Kwa hiyo swali ni nani atakayeyakagua, hasa sasa ambapo sehemu kubwa ya fedha hutegemea malipo ya SHA, mamlaka ya taifa ya bima ya afya, yanayoweza kuchelewa wakati muuza dawa anadai chake leo.

Kijana wa Barani: Basi mhasibu naye anajipigia debe.

Mhasibu wa Maweni: Sitaki kiti. Nataka anayekikalia abandike ukutani, kila mwezi, kilichoingia na kilichotoka.

Mkaazi wa Shela: Hapo tumeelewana, na kazi hiyo ni ya meneja. La hesabu nalifuta, dada, uniwie radhi.

Muuguzi Mstaafu: Nimekusamehe. Huyo meneja wako atalala na ufunguo wa stoo nyumbani, au atauacha wodini?