Mtoto wa miezi minane kwenye bustani za burudani za Orlando: twende naye au abaki Tanga?

Mama wa Raskazone (Tanga)

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Wifi yangu anaishi Orlando, jimbo la Florida, Marekani, na ametualika mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tukakae kwake wiki mbili za likizo ya Juni. Binti yetu ana miaka saba, na tangu alipoisikia habari hiyo hana mazungumzo mengine ila bustani za burudani za Disney. Mdogo wake wa kiume sasa ana miezi sita, na siku ya safari atakuwa ametimiza minane. Bado ananyonya, uji ndio kwanza ameanza, na mara nyingi anautema kuliko anavyoumeza.

Mama mkwe wangu yuko tayari kubaki naye hapa Tanga. Anasema kumpandisha mtoto mchanga ndege mbili au tatu na kisha kumzungusha juani kutwa nzima ni kumtesa, hasa kwa kuwa hatakumbuka lolote. Mume wangu anasema hatuwezi kumwacha. Mimi mwenyewe nimebaki katikati, kwa sababu basi tu la kutoka Kange kwenda Dar es Salaam lilimshinda: alilia kuanzia Segera hadi Msata, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kumbadilisha bega hili na lile.

Ninaomba wenye uzoefu wanieleze kama mahali pale pana chochote kinachomfaa mtoto wa umri huo, ninamnyonyeshea na kumbadilishia nepi wapi, na kama mimi na mume wangu tutaweza kuongozana na binti yetu kwenye michezo au mmoja wetu atashinda amekaa benchini na mtoto.

Baba wa Dunda (Bagamoyo)

Wa alaykum salaam, dada yangu. Sisi tulikwenda kwa kaka yangu Orlando na binti yetu alipokuwa na miezi kumi, kwa hiyo nitaeleza yale niliyoyaona.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 huingia bila tiketi. Binti yako mkubwa atalipiwa bei ya mtoto, ambayo ni ya miaka 3 hadi 9. Katika ndege pia mtoto wa chini ya miaka 2 anayepakatwa hulipiwa kiasi kidogo, ambacho kwa safari za kimataifa aghalabu huwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Piga simu mapema kwa shirika la ndege uombe viti vya mbele vyenye sehemu ya kufungia kitanda kidogo cha mtoto, kwa maana vitanda hivyo ni vichache na wanaowahi ndio wanaovipata. Ndege inapoanza kushuka, mnyonyeshe, kwa sababu kumeza kunayasaidia masikio yake.

Kuhusu michezo, nilishangaa kuona ni mingi kiasi gani ambayo haina sharti la urefu. Katika Magic Kingdom, bustani ya kwanza kati ya zile nne za Disney zilizoko Orlando, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, unaweza kumpakata mtoto katika mashua za "it's a small world", kwenye tembo wa Dumbo wanaozunguka, na kwenye treni ya moshi inayoizunguka bustani nzima. Kwa ile michezo mikubwa yenye sharti la urefu upo utaratibu unaoitwa Rider Switch. Unamweleza mhudumu mlangoni kwamba mna mtoto asiyeweza kupanda. Mzazi mmoja anaingia na binti yenu, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Nasi tulidhani mmoja wetu angeshinda benchini, lakini haikuwa hivyo hata kidogo.

Kila moja ya bustani hizo nne ina Baby Care Center, yaani nyumba maalumu ya watoto wachanga. Ya Magic Kingdom iko karibu na mgahawa wa Crystal Palace. Ndani kuna chumba tulivu cha kunyonyeshea, meza za kubadilishia nepi, viti virefu vya kulishia na maikrowevu ya kupashia chakula, na ukiishiwa nepi unaweza kuzinunua humo humo. Ninalieleza hili kwa kirefu kwa sababu mwaka uliotangulia tulimpeleka mtoto wa shemeji yangu kwenye bustani moja ya maji ya hapa nchini, na mama yake alilazimika kumbadilisha nepi juu ya buti ya gari, jua la saa saba likimwaka usoni.

Mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu. Vyombo vya kioo vimekatazwa, isipokuwa vichupa vidogo vya chakula cha mtoto. Mke wangu alikuwa akibeba uji wa lishe ndani ya chupa ya chai, na walinzi waliupekua mkoba wakaturuhusu kupita. Maji ya baridi yenye barafu hutolewa bure kwenye migahawa ya kujihudumia, omba tu.

Jambo moja lilitugharimu, na ningependa lisiwapate ninyi. Anayekwenda Magic Kingdom kwa gari haegeshi mlangoni. Anaegesha mbali, kisha anavuka ziwa kwa kivuko au anapanda treni ya reli moja. Siku ya kwanza tulisubiri mpaka mtoto alipoanza kulia ndipo tukaamua kuondoka, na kutoka pale tulipokuwa mpaka kwenye gari ilikuwa safari ya karibu saa nzima. Kuanzia siku ya pili tulikuwa tukiingia geti linapofunguliwa na kuanza kutoka saa tano na nusu, mtoto akiwa bado anacheka. Alilala nyumbani kwa kaka yangu, na jioni nilirudi na kijana wetu mkubwa peke yetu.

Muuguzi wa Makorora (Tanga)

Mama wa Raskazone, pole kwa kulia kwa mtoto njiani na hongera kwa kumnyonyesha mpaka sasa. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, na kuna mambo ambayo ningependa uyashughulikie kabla hujafunga sanduku.

La kwanza ni surua. Kwa ratiba yetu ya Tanzania mtoto hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18, na wako atasafiri akiwa na minane. Wataalamu wa afya wa Marekani hushauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayevuka mipaka ya nchi apate dozi moja mapema, kwa kuwa viwanja vya ndege na bustani za aina hiyo hukusanya watu kutoka kila pembe ya dunia, na surua husambaa kwa hewa. Nenda na kadi ya kliniki, uwaeleze tarehe ya safari, na uzungumze nao kuhusu dozi hiyo angalau mwezi mmoja kabla. Ifahamu kuwa ni ya nyongeza: ukirudi, ratiba yake ya kawaida inaendelea kama ilivyo.

La pili ni malaria, na hili wazazi wengi hulisahau kwa kudhani wameiacha nyuma. Mtoto aliyetoka Tanga anaweza kupata homa ya malaria akiwa Orlando, kwa vimelea alivyoondoka navyo. Akichemka mwili, usisubiri. Mpeleke hospitali, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba mmetoka eneo lenye malaria, kwa sababu daktari wa kule hatalifikiria upesi kama wa hapa. Kateni bima ya safari inayomjumuisha mtoto, kwa kuwa matibabu ya Marekani ni ghali mno.

La tatu ni joto. Juni huko ni kiangazi chenye unyevunyevu, na alasiri mara nyingi huja mvua ya radi. Msidhani kwamba kwa kuwa tumelizoea joto la pwani mtoto atalistahimili, maana hapa kwetu saa saba mchana mtoto yuko ndani amelala. Nimeona akina mama wakitandaza kanga juu ya kigari cha mtoto ili kumkinga na jua, wakaifunga pande zote. Tafadhali usifanye hivyo, kwani hewa haipiti na ndani ya kigari huwa kama tanuri ingawa kwa nje kunaonekana kivuli. Tumia mwavuli wa kigari, acha pande wazi, na kila baada ya muda ingiza vidole nyuma ya shingo yake: pakiwa pa moto na pamelowa jasho, ingia kwenye jengo lenye kiyoyozi umpe titi. Kwa umri wake anaweza kupewa na vijiko vya maji safi katikati ya kunyonya.

Kuna na kiti cha gari. Sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 5 na chini yake afungwe kwenye kiti chake maalumu, na kumpakata kama tunavyofanya ndani ya bajaji hakukubaliwi. Mwambie wifi yako akiandae kabla hajaja kuwapokea uwanja wa ndege.

Bibi wa Ngamiani (Tanga)

Mwanangu, mama mkwe wako anazungumza kwa mapenzi, nami namwelewa, kwa sababu miaka iliyopita ningesema kama yeye. Niliwahi kumwacha mwanangu wa miezi saba kwa mama yangu siku kumi na mbili nilipokwenda kumuuguza ndugu. Kila usiku nilikuwa nikikamua maziwa na kuyamwaga, kifua kimejaa kama mawe. Niliporudi, mtoto alinitazama, akageuza uso na kumshika bibi yake shingoni, na titi alilikataa kabisa. Hakulirudia tena. Sikukosana na mama yangu, lakini jambo lile bado ninalikumbuka.

Kwa hiyo nakushauri uende naye. Chukua mbeleko yako nzuri ya pamba, umbebe asubuhi kabla jua halijawa kali, umlaze kigarini mchana. Mama mkwe mwombe dua, na mpigie simu ya picha kila siku amwone mjukuu wake. Lakini kumbuka kwamba jioni ya huko ni usiku wa manane hapa, kwa hiyo mpigie asubuhi yenu.

Mama wa Raskazone (Tanga)

Nawashukuru sana. Bibi, maneno yako nimemsomea mume wangu kwa sauti, na jioni tulikwenda kwa mama mkwe tukazungumza naye kwa upole. Amekubali, kwa sharti kwamba siku mbili za mwanzo tusitoke nyumbani kwa wifi mpaka mtoto aizoee saa ya huko, maana tofauti ni saa saba. Kliniki nitakwenda Jumatatu na kadi yake.

Nimebakiwa na maswali mawili kwa Baba wa Dunda. Je, fataki za usiku zinamfaa mtoto? Na kama tungekuwa na siku mbili tu za kununua tiketi, ungechagua bustani zipi?

Baba wa Dunda (Bagamoyo)

Fataki mwachie binti yako na baba yake. Mlio wake ni mkubwa na umati unaotoka baada yake ni wa kubanana. Sisi tulijaribu mara moja, na mtoto alishtuka akawa anatetemeka mikono.

Siku ya kwanza nendeni Magic Kingdom. Ya pili ningechagua Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, kwa sababu mna mtoto mchanga na kule kuna ziara ya wanyama inayoitwa Kilimanjaro Safaris, ambayo haina sharti la urefu. Mnapanda lori lililo wazi pembeni, mnapita kati ya twiga, tembo na viboko. Najua utasema hifadhi ya wanyama ya Saadani iko jirani, na ni kweli, lakini mtoto wako hajafika Saadani. Mahali pa kupandia pamejengwa kama mji wa Waswahili wa pwani na pameitwa Harambe, na kwenye kuta mmeandikwa maneno ya Kiswahili. Binti yako atayasoma yote bila kusaidiwa, na kijana wetu aliyekuwa darasa la tatu alikuwa akiwatafsiria wageni waliokuwa mbele yetu kwenye foleni. Nendeni hapo kwanza, mara tu geti linapofunguliwa, wanyama wakiwa bado wanatembea na lori likiwa na upepo wa asubuhi.